Duka la Kariakoo: mfumo ukae kwenye seva au kwenye simu ya muuzaji?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Tabata, natengeneza mifumo kwa kujitegemea, na kwa miaka minne nimekuwa nikitumia lugha ya PHP na Laravel, fremuweki yake (vipande vilivyo tayari vya kujengea programu) inayoendeshwa kwenye seva. Nimepata kazi ya duka la jumla la vipodozi Kariakoo: fremu mbili, stoo moja, wauzaji sita. Wanatumia simu za Android za kawaida na kompyuta moja ya mhasibu. Wanataka mauzo, stoo, madeni ya wateja, na ukurasa wa bei ambao wateja wa mikoani watautazama. Rafiki yangu ananiambia PHP imekwisha, nijenge kila kitu kwa React, fremuweki ya JavaScript inayochora kurasa ndani ya kivinjari, seva ibaki kutoa data tu. Mwenye duka yeye amesema jambo moja: mtandao ukikatika, biashara isisimame. Nifuate njia ipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na sentensi yenye uzito kuliko zote umeiweka mwishoni, ile ya mwenye duka. Hiyo ndiyo itakayoamua muundo wa mfumo wako. PHP na React tutazifikia.

Nianze na jibu, sababu zifuate. Jenga kwa Laravel unayoijua, kurasa zitoke kwenye seva zikiwa zimeshaiva. Iache skrini moja tu, ya kuuzia. Hiyo ijenge kwa JavaScript, lugha ambayo kivinjari huiendesha chenyewe, iishi ndani ya simu ya muuzaji, na iweze kuuza hata simu ikiwa haioni mnara wowote.

Chukua mfano unaoutumia kila siku. Ukipiga *150*00# ya M-Pesa, simu yako haina menyu yoyote ndani yake. Inapeleka ulichobonyeza, seva inarudisha maandishi yasiyozidi herufi 182, unachagua namba, seva inarudisha mengine. Simu haijui salio lako wala haijui umefika hatua ya ngapi. Anayejua yote ni seva. Ndiyo maana kiswaswadu na simu ya milioni mbili vinahudumiwa sawasawa, na ndiyo maana kampuni ikibadilisha menyu usiku, asubuhi nchi nzima inaona menyu mpya bila mtu kupakua chochote. Huo ni upande wa seva ukiwa safi kabisa. Na ubaya wake umeshaupata mwenyewe: mtandao ukiyumba ukiwa hatua ya tano, unaanza moja.

Upande wa pili ni programu inayoshuka yote kwenye kivinjari, ikachora kurasa yenyewe na kuwasiliana na seva kwa kuomba data tu. Wataalamu wanauita upande wa mteja, na hapo usichanganye: mteja ni kivinjari, si yule mama wa Mbagala anayekubishia bei. Raha yake ni kwamba ukibonyeza, skrini inaitika papo hapo. Shida yake ndiyo sehemu kubwa ya jibu hili.

Kuhusu PHP kwisha. PHP na JavaScript ni rika moja: Rasmus Lerdorf aliitoa PHP hadharani mwaka 1995, na mwaka huohuo Brendan Eich aliandika JavaScript ya kwanza kwa siku kumi akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari. Kwa miaka mingi seva ilifanya kazi nzito na JavaScript ikapamba. Gmail ya 2004 na Google Maps ya 2005 zikaonyesha kwamba kivinjari kinaweza kubeba programu kamili, na hapo ndipo fremuweki zikaota kama uyoga: AngularJS 2010, React 2013, Vue 2014. Mwaka 2010 Twitter walihamishia uchoraji wa kurasa zao kwenye kivinjari. Mwaka 2012 wakaurudisha kwenye seva kwa ukurasa wa kwanza anaoufungua mtu, na wao wenyewe walieleza kwamba muda wa kuuona ukurasa huo ulishuka hadi moja ya tano ya ule wa mwanzo. React nayo, toleo la 19 la Desemba 2024, imekuja na vipande vinavyoendeshwa kwenye seva. Rafiki yako anakimbilia daladala ambalo limeshageuza.

Lakini usije ukamjibu hivyo ukadhani umemshinda. React haina kosa hapa. Kinachopaswa kukusumbua ni daftari.

Kila duka Kariakoo lina daftari moja ambalo likisema jambo, ubishi umekwisha. Mfumo nao una lake. Kurasa zikitoka kwenye seva, daftari ni moja, liko mezani, na kila anayetaka kujua jambo analisogelea. Ukihamishia kazi kwenye vivinjari, umewapa wauzaji sita kila mmoja nakala yake atembee nayo. Kuanzia hapo kazi yako kubwa si kuuza vipodozi tena. Ni kusuluhisha nakala.

Nilijifunza hili kwa aibu. Niliwahi kumtengenezea mfumo mwenye duka la jumla la vinywaji. Kila simu ilishusha salio la stoo asubuhi, ikawa inapunguza yenyewe kila inapouza, na ikipata mtandao inapandisha salio jipya. Majaribio yote ofisini kwangu yalikwenda vizuri, maana ofisini kwangu kuna Wi-Fi na muuzaji ni mimi peke yangu. Ijumaa moja mtandao ukasumbua kuanzia saa nne asubuhi. Stoo ilikuwa na kreti 40 za soda. Muuzaji wa kwanza akaandikia wateja risiti za kreti 30, simu yake ikasema zimebaki 10. Wa pili akaandika 25, simu yake ikasema zimebaki 15. Wateja walikuwa wafuate mzigo stoo jioni. Saa nane mtandao ukarudi: simu ya kwanza ikapandisha 10, ya pili ikaifuta ile 10 na kuandika 15. Kreti 55 zimeuzwa kutoka kwenye 40, na mfumo unatangaza kwa kujiamini kwamba zimebaki 15. Mwenye duka alinipigia simu jioni hiyo. Hakunitukana, na ndiyo iliyoniuma.

Kosa halikuwa fremuweki, lilikuwa kupeleka salio. Simu isiseme "zimebaki 10". Iseme "nimeuza 30". Seva ipokee matukio hayo, iyajumlishe yenyewe, na salio liwe hesabu inayotokana na matukio. Kwa siku ile ningepata hasi 15, namba ya kutisha lakini ya kweli: umewaahidi watu kreti 15 usizonazo, watafute kabla ya jioni. Skrini yako ya kuuzia iwe hivyo tangu siku ya kwanza, maana kugeuza mfumo wa masalio uwe wa matukio baada ya mwaka ni kubomoa nyumba watu wakiwa ndani.

Nikae kidogo kwenye skrini hiyo, kwa sababu ndiyo itakayokula muda wako.

Orodha ya bidhaa na bei ishuke kwenye simu na kuhifadhiwa kwenye IndexedDB, ile kanzidata ndogo iliyomo ndani ya kivinjari. Kila mauzo yaandikwe kwanza humo, kwenye foleni, ndipo yapelekwe. Muuzaji asisubiri seva imwambie sawa. Aone alama tu kwamba mauzo haya hayajapanda bado. Kila mauzo yapewe namba ya pekee na simu yenyewe yanapozaliwa, UUID (namba ndefu ya kubahatisha isiyotarajiwa kujirudia) inatosha, na kwenye kanzidata ya seva uweke sharti kwamba namba hiyo haijirudii. Mtandao wetu una tabia ya kufikisha ombi kisha kupoteza jibu. Simu itadhani haijafika, itatuma tena, na bila sharti hilo mteja ataandikiwa deni mara mbili. Namba ya risiti ambayo binadamu anaisoma ni jambo jingine: ipe kila simu herufi yake, A-118, B-87, ili simu mbili zisizoonana zisigongane.

Saa ya simu usiiamini. Kuna muuzaji simu yake inazimika, ikiwaka inasema ni mwaka 2019. Hifadhi muda wa simu na muda wa kufika kwenye seva, vyote viwili, na mhasibu aone zikitofautiana sana.

Kisha kuna deni. Mauzo ya fedha taslimu bila mtandao hayana hatari kubwa. Mauzo ya mkopo bila mtandao ni habari nyingine, kwa sababu mteja mjanja anaweza kukopa fremu ya kwanza na fremu ya pili ndani ya nusu saa, na hakuna simu inayojua ya mwenzake. Ama uzuie mkopo mtandao usipokuwepo, ama uweke kiwango. Usiamue wewe. Muulize mwenye duka, akuambie kiasi ambacho yuko tayari kukipoteza, ukiandike hivyo hivyo.

Jambo la mwisho kwenye skrini hii: hifadhi ya kivinjari si kabati lenye kufuli. Simu ikijaa, kivinjari kinaweza kufuta. Kuna namna ya kukiomba kisifute, iombe. Na muuzaji akija na iPhone, jua kwamba tangu 2020 Safari hufuta data za tovuti ambazo mtu hakuzigusa kwa siku saba za matumizi, isipokuwa zile zilizowekwa kwenye skrini ya mwanzo kama programu. Kwa hiyo foleni ikizidi saa kadhaa bila kupanda, skrini ipige kelele, iwe nyekundu, imkere muuzaji mpaka asogee dirishani.

Umeona ukubwa wa kazi hiyo? Sasa fikiria kuifanya kwa kila skrini: ripoti za mhasibu, kusajili mtumiaji, kubadilisha bei, kupokea mzigo kutoka bandarini. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji kufanya kazi gizani. Mtandao ukikatika, mhasibu atakunywa chai. Ndiyo maana nakwambia skrini moja.

Halafu kuna gharama. Ukipanga fremu Kariakoo unalipa kodi ya miezi kadhaa mbele hata kabla hujauza sabuni moja. Fremuweki nayo ina kodi yake, na anayeilipa ni mwenye simu. React pamoja na kipande chake cha kivinjari ni makumi kadhaa ya kilobaiti zikiwa zimebanwa, si nyingi. Lakini hakuna anayeishia hapo. Unaongeza cha kuongoza kurasa, cha fomu, cha majedwali, cha tarehe, cha aikoni, na hujageuka nusu megabaiti imefika. Tena kilobaiti 200 za JavaScript si sawa na kilobaiti 200 za picha. Picha inafumbuliwa na kubandikwa, basi. JavaScript lazima isomwe, itafsiriwe, iendeshwe, na prosesa ya simu ya bei nafuu inahema. Bando ni nusu ya bei. Nusu nyingine ni zile sekunde ambazo mtu anatazama skrini nyeupe akidhani duka lako limefungwa.

Kwa sababu hiyo ukurasa wa bei wa wateja wa mikoani usiuguse kwa fremuweki yoyote. Toa HTML tupu, yale maandishi ya ukurasa ambayo kila kivinjari kinayasoma, kutoka kwenye seva. Mtu wa Songea akiufungua kwa Opera Mini yenye ubanaji mkali, ambayo ukurasa huandaliwa kwenye seva za Opera na JavaScript haipewi nafasi ya kutosha, ataona bei. Na hesabu nyingine ndogo: seva ikianza kuongea na simu, kwa kawaida inaruhusiwa kutuma pakiti (vifurushi vidogo vya data) 10 kabla ya kusubiri jibu, kama kilobaiti 14 hivi. Orodha ya bidhaa mia mbili tatu isiyo na picha, ikibanwa, haiko mbali na hapo. Yaani bei zinafika kwa safari moja. Isitoshe, najua ukurasa huo utasambazwa wapi: kwenye magrupu ya WhatsApp. Ile picha ndogo na kichwa kinachotokea unapobandika kiungo hutolewa kwenye HTML kama ilivyotoka kwenye seva, JavaScript haiendeshwi. Ukurasa uliochorwa na kivinjari utatokea mtupu, na kiungo kitupu hakibonyezwi na mtu aliyewahi kutapeliwa.

Nimetaja utapeli, basi niseme la malipo. Unajua ule mchezo wa mteja kukuonyesha meseji ya muamala kwenye simu yake, kumbe ameiandika mwenyewe. Muuzaji mzoefu haangalii simu ya mteja. Anasubiri meseji iingie kwenye simu ya duka. Kivinjari ni simu ya mteja. Chochote kinachotoka humo, bei, punguzo, jumla, "nimeshalipa", mtu anaweza kukibadilisha kabla hakijafika kwako. Ukaguzi wa fomu upande wa kivinjari ni ustaarabu, unamsaidia mtu asikosee. Ukaguzi wa seva ndio sheria. Taarifa ya malipo ya M-Pesa au Airtel Money ipokee seva kwa seva, moja kwa moja kutoka kwa mtoa huduma, na hapo tu ndipo deni lifutike. Vijana wengi wanaoanza na React husahau hili, kwa sababu hesabu imeshafanyika vizuri kwenye skrini na inapendeza.

Seva uiweke wapi? Ukiwa na kurasa zinazotoka kwenye seva, umbali unaonekana kila mtu anapobonyeza. Kutoka Dar hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari wa ndege, na mwanga ndani ya nyuzi hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 70 hata waya ungenyooshwa kama kamba ya nguo, na waya wa baharini haunyooki hivyo. Kituo cha Afrika Kusini, AWS (huduma ya seva ya Amazon) wako Cape Town tangu 2020, au seva iliyo hapahapa Dar, ni bora kwa kazi yako. Unakumbuka Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini, EASSy na SEACOM, zilipokatika kwa pamoja? Siku zile wenye seva nje ya nchi walijua maana ya umbali. Umbali hauwaachi salama wapenzi wa upande wa mteja pia. Nimeona skrini za React zinazoomba data mara sita, moja baada ya nyingine, ili kuchora ukurasa mmoja ambao seva ingeutoa kwa safari moja.

Kuna katikati, na utakutana nayo. Ankara ya mistari thelathini ambayo kila mstari unarudi seva inachosha. Hapo weka JavaScript kidogo ndani ya ukurasa uleule, fremuweki ndogo kama Alpine au Vue, kwenye kisanduku hicho tu. Kutafuta mteja kwa jina, kupanga jedwali, kufungua kidirisha: htmx inatosha, inaleta kipande cha HTML kutoka kwenye seva na kukibadilisha mahali pake. Livewire, nyongeza ya Laravel inayobadilisha skrini kwa kuiuliza seva, itakuvutia kwa kuwa uko Laravel. Itumie kwenye kompyuta ya mhasibu. Kwenye simu za kaunta iache, kwa sababu kila kinachotokea kinahitaji seva, na tumeshakubaliana seva haitakuwepo muda wote.

Ukinifuata, kuna gharama moja ambayo sitakuficha. Skrini ya kuuzia itakuwa na matoleo. Muuzaji ataifungua Jumatatu na kuiacha wazi mpaka Alhamisi, wewe umebadilisha seva Jumanne. Kila tukio libebe namba ya toleo lililolitengeneza, na seva ikubali matoleo ya nyuma kwa wiki kadhaa. Kwenye kurasa za seva hutakuwa na shida hiyo. Mtu akibonyeza anapata mpya.

React jifunze, kwa ajili ya ajira yako. Matangazo mengi ya kazi yanaitaja na sitakudanganya kwamba haina soko. Hata skrini hii moja unaweza kuiandika kwa React ukipenda, ingawa mimi ningetumia Vue kwa kuwa Laravel inaizoea, au hata JavaScript tupu kwa skrini yenye vitufe vichache. Ila usijifunzie juu ya duka la mtu mwenye wauzaji sita wanaongoja mshahara.

Kabla hujaandika mstari wowote, nenda ukakae kaunta Jumamosi nzima, siku ya msongamano, ukiwa na simu ya mmoja wa wauzaji na bando lake, si lako. Andika kila mara mtandao unapokatika, umekatika dakika ngapi, na muuzaji amefanya nini. Angalia pia wanaandika nini kwenye daftari la karatasi pale mtandao unapokatika. Safu za daftari hilo ndizo safu za jedwali lako la matukio. Ukitoka hapo niandikie, tuutazame mchoro wa kanzidata pamoja.